Diwani Oddy Azindua Uzio wa Barabara ya Ushuru

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Makamu wake, Mchungaji wetu mpendwa, Mwalimu Mkuu, Katibu wa Kamati ya Mambo ya Kale, Katibu Msaidizi wa kamati hiyohiyo ambaye ni mke wangu, na ninyi akina mama wa Thornbeck mliosimama kwenye mvua kwa kuwa hema limetosha waheshimiwa tu: itifaki imezingatiwa! (Makofi, ndani ya hema.)

Ndugu zangu, barabara hii ya kale, ambayo wazee wetu waliilipia ushuru getini wakiwa na farasi wao, na ambayo leo watoto wetu huipita kwenda shule, ni urithi, ni tunu, ni fursa ya kimkakati, na mimi, Cuthbert Oddy, tangu mnipe kura zenu, sijalala. (Sauti: "Kwenye kikao cha juzi ulikoroma!" Kicheko.) Kuna maneno ya mtaani kwamba ukuta wa mawe upande wa kilimani umevimba na utawaangukia watoto. Si kweli. Wataalamu wetu, baada ya upembuzi yakinifu uliofanyika ndani ya gari kutokana na hali ya hewa, wamejiridhisha kwamba ukuta haujavimba, bali umepumzika. (Bi Nettie Sugden, mama yake Elsie wa darasa la kwanza: "Jana jiwe liliporomoka mbele ya mwanangu, Mheshimiwa! Je, kama lingempata?") Tunalipongeza jiwe hilo kwa kutoa ushirikiano.

Nikija upande wa mtoni, uzio wa chuma uliokuwepo uliazimwa na serikali wakati wa Vita Kuu ya Pili ili uyeyushwe kutengenezea ndege, na mazungumzo ya kuurejesha yanaendelea vizuri. (Sauti: "Vita viliisha babu yangu akiwa bado ananyonya, wewe!") Hata hivyo, tangu mradi huu uingie kwenye mpango mkakati, watoto waliotumbukia mtoni ni asilimia sifuri, narudia, sifuri, mafanikio ambayo wilaya jirani wanakuja kujifunza kwetu, na nishani yake nimeipokea kwa unyenyekevu mkubwa. (Makofi hemani. Bi Nettie: "Hawatumbukii kwa sababu tunasimama sisi pale ukingoni kila asubuhi, tumeshikana mikono! Vidole vyangu hivi vimekufa ganzi kwa baridi, baba!")

Safi sana, mama, umeniwahi, ndiko nilikokuwa naelekea! Thornbeck hoyee! Kuta imara hoyee! Uzio wetu, fahari yetu! (Mvua tu.)

Kwa niaba ya kamati, nawashukuru akina mama kwa moyo wote, maana tulipowaona mmesimama imara namna ile tukaona hakuna haja ya kununua hata msumari, na kwa hiyo mradi umekamilika bila kuanza. Kesho asubuhi naomba mjipange kwa urefu, wenye makoti meusi kama uzio ule wa chuma wakae mbele, ili tulinde mwonekano wa kihistoria. Asanteni kwa kunisikiliza.