Siku Esnath Alipopeleka Fomu Dirishani

Enyi watu wa Rungwe, wachuma chai na wabeba ndizi, nanyi madereva wa bodaboda mnaojikinga mvua kwenye baraza za watu bila hata kuomba ruhusa, nyamazeni kidogo! Nawe Mola mpaji wa wino, nijalie unaonitosha, maana ule wa mashine yangu umebaki robo na habari yenyewe ni kubwa. Mimi ni Mansuri, mtoa kopi wa Tukuyu, jirani wa ofisi moja ya elimu ambayo sitaitaja jina kwa sababu ndiyo inayoniletea wateja. Nasimulia niliyoyaona, na asiyesadiki aje dukani aniulize.

Alhamisi asubuhi alitoka kijijini Lupepo mama mmoja, Tupokigwe mshika bahasha, jemadari asiye na jeshi, akiwa juu ya bodaboda na binti yake Esnath amemkumbatia kifuani. Esnath alikuwa na miaka saba. Alianza kutembea akiwa na mitatu, na maneno aliyoyamudu yalikuwa manne, moja la kumwita paka. Mara mbili mama yake alikuwa amekwenda kumwombea nafasi katika darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na mara mbili alirudishwa kwa kupungukiwa karatasi. Sasa nafasi ilibaki moja, na orodha ilikuwa inafungwa siku ile ile saa sita mchana. Ikimpita hiyo, Esnath angekaa nyumbani mwaka mwingine mzima.

Nyuma yao, kwa mwendo wa dakika kumi, bodaboda ya pili ilimleta Mzee Nsajigwa, mvaa koti zito na mabuti ya mpira, baba mkwe wa Tupokigwe. Naam, yalikuwa majeshi mawili ya upande mmoja, yakishika barabara moja, ilhali yameapa yasikutane! Kwani kwa mila ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami wala hasemi naye. Vijana wengi wameiacha, lakini katika mji wa Mzee Nsajigwa ilishikwa barabara, huu mwaka wa tisa tangu Tupokigwe aolewe. Na mume, Fred, alikuwa Tunduma kwenye malori, kwa hiyo fomu ilimtaka mzee kama mkuu wa kaya.

Ndani ya ofisi aliketi Abbasi mlinzi wa muhuri, kijana wa Tanga, mwezi wake wa kwanza kwetu, mwenye masweta mawili mwilini. Alimwekea Esnath vibao vya rangi mezani, akamwambia achukue chekundu ampe mama, kisha arudi kukaa. Esnath alikilamba cha kijani. Abbasi akaandika neno moja kwenye fomu, palipoulizwa kama mtoto hufuata maagizo, na mimi niliyekuwa mlangoni na kopi zake nililisoma: HAPANA.

"Mama," akasema, "walimu ni wawili na watoto tayari ni kumi na mmoja. Mtoto asiyefuata agizo nitamteteaje mbele ya wakubwa? Hata hivyo tumalize saini. Nimekuta hapa faili la babu aliyemtoa mjukuu darasani akidai hakushirikishwa. Kwa hiyo mzazi na mkuu wa kaya watasaini mbele yangu, wakati mmoja, au wasisaini kabisa! Mkuu wa kaya aingie!"

Tupokigwe aliposikia mabuti barazani alijifunika kanga usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaja dukani kwangu kujificha nyuma ya mashine ya kopi. Mzee akaingia. Abbasi akapaza sauti, "Na mama aingie!" Mzee akasimama upesi, akatoka alikoingilia, akasimama kwenye mvua. Mapambano haya yalirudiwa mara mbili, na saa ya ukutani ikafika tano na dakika tano.

"Hawa wamegombana?" Abbasi akaniuliza.

"Wanaheshimiana, afisa," nikamjibu kwa sauti ya mabalozi. "Sikia shauri langu. Mzee asimame nje ya dirisha na mgongo wake kwetu. Mama aketi humu, atazame ukuta. Wote watakuwa mbele yako, wala hakuna atakayemwona mwenzake."

Ikawa hivyo. Tupokigwe akasaini. Abbasi akanyoosha mkono achukue fomu aipeleke dirishani, lakini mama hakumwona, maana alikuwa ametazama ukuta. Akaishika kwa mikono miwili, akaweka juu yake kidau cha wino kilichokuwa mezani, kama anayeweka bakuli kwenye sinia, akamnong'oneza Esnath kwa Kinyakyusa ampelekee babu kisha arudi.

Na Esnath akaenda! Alivuta mguu wake wa kushoto, ulimi nje kwa bidii, akaupita ukingo wa meza, akapita kapu la taka, akakipita hata kile kibao cha kijani alichokipenda, asigeuke. Akaweka mzigo dirishani, akalivuta koti la babu. Mzee akarudisha mkono nyuma bila kugeuka, akachovya dole gumba, akagandamiza. Esnath akangoja. Kisha akachukua fomu, akairudisha mikononi mwa mama yake, akakaa.

Abbasi alivua miwani. "Nani amemfundisha huyu?"

"Hakuna," Tupokigwe akauambia ukuta. "Ndiye anayempelekea babu yake chakula kila siku, na kurudi na vyombo. Mimi siwezi kumkaribia. Sikujua kama hilo nalo linaulizwa kwenye fomu."

Abbasi alikata HAPANA kwa mstari, akaandika NDIYO, kisha akauinua muhuri ule mzito juu, akaushusha kwa kishindo kilichoyumbisha chai yake.

Nje, mzee akauliza, akiutazama mgomba uani, "Wamemchukua?"

Abbasi alifungua kinywa ajibu. Tupokigwe akamzuia kwa mkono. Miaka tisa hakuwahi kumpelekea mzee huyu habari yoyote kwa kinywa chake. Akainua uso kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani.

"Kalenda," akasema kwa sauti ya kusikika, "mwambie babu yake Esnath kwamba mtoto anaanza Jumatatu."

"Mgomba," mzee akasema, sauti yake ikikwaruza, "mwambie huyo mama nimesikia. Mwambie ndaga fijo. Tumeshukuru sana."

Basi wengine waandike habari za wafalme na ngome zilizoanguka, wana wino mwingi kuliko mimi. Mimi naandika hii: Alhamisi, saa tano na dakika ishirini, mvua ikinyesha, mtoto mmoja wa Lupepo aliandikishwa shule.