Mama Mkwe Ananizidi

Jumatatu, 4 Machi
Nimejitolea. Karakana iko nyuma ya maktaba. Tunafufua kompyuta kuukuu, wanapewa wasio nazo. Sikusukumwa na huruma. Mama mkwe anajitolea pale, na tangu aanze mke wangu hana wimbo mwingine: mama kafufua hii, mama kafufua ile. Mpiga chapa mstaafu! Mimi nina cheti cha ufundi wa kompyuta.

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe: kompyuta nne. Mimi: nusu, nayo imetoa moshi. Fundi mkuu kanituma nikapanguse kibodi. Mama mkwe kaniletea kitambaa, kwa upole. Upole ule unachoma kuliko pasi.

Jumatano, 6 Machi
Njia nimeipata. Kesho muuguzi wa zahanati anakuja kuchukua kompyuta aliyotengenezewa na mama mkwe. Ijumaa ana mtihani wa mtandaoni. Wakati wa chai nimeifungua, nikachomoa kikadi cha kumbukumbu, nikakitia mfuko wa shati. Bila hicho kompyuta hulia tu kama kifaranga. Itagoma, mama mkwe atahangaika, nitajitokeza, nitakirudisha kijanja. Nitashangiliwa.

Alhamisi, 7 Machi
Imegoma vizuri sana. Nikajitokeza. Nikapapasa mfuko: mtupu. Shati la jana liko kwenye beseni la kufulia! Muuguzi akakaa, akasema taratibu kwamba mtihani huo ameungoja miaka mitatu. Nikawa mdogo kama sisimizi. Hapo mke wangu akaingia, kikadi mkononi kinachuruzika povu, akauliza mbele ya wote kilifuata nini mfukoni mwangu.

"Nilimpa mimi anishikie, mwanangu," mama mkwe akasema. "Uzee huu, nimesahau."

Akachomoa kingine kwenye kompyuta iliyokuwa mezani pake, akakipachika. Ikawaka. Muuguzi akamkumbatia. Mimi nikarudi kwenye vumbi langu.

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi kapiga simu: mtihani kaumaliza salama. Mke wangu alinibana jana njiani hadi nikasema kweli. Hanisemeshi, ila kusifu moyo wa mama yake. Fundi mkuu naye si mjinga. Anasema hajaona mtu anayejua kusamehe kama mama mkwe.

Kusamehe! Hata hilo anizidi? Mimi naweza kusamehe mara tatu yake. Kasoro moja tu: hakuna aliyenikosea. Kesho nitauacha mwavuli wangu mpya mlangoni mwa karakana, niwe nachungulia kila baada ya dakika kumi kama umeshaibwa.