Spea Iko Dukani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Katoni imefika! Dawa ya pancha, chupa nyekundu, mrija mdogo pembeni. Unafunga mrija kwenye valvu ya tairi, unakamua, povu linaingia na kuziba tundu kwa ndani, unaendelea na safari yako. Hakuna kupiga magoti kwenye vumbi. Mimi Nzioka, mwenye duka la misumari, rangi na mabati hapa Matiliku, ndiye wa kwanza kuiuza soko hili. Naona mbele kabisa. Leo Matiliku, kesho Makueni nzima.

Jumamosi napeleka ntheo Tseikuru. Mbuzi watatu kwa Mzee Kitonga, babake mchumba wangu Mumbua. Kwetu Wakamba hata ulipe mahari yote, bila mbuzi wa ntheo huna mke, una mgeni. Mzee ametuma neno: wazee wake watakaa kunisubiri siku hiyo moja tu, na jua likizama kabla sijafika, wataenda makwao na hatawaita tena. Sawa. Nitafika mapema mpaka waone aibu. Na kwa kuwa Tseikuru ni nchi ya miiba, nitabeba katoni. Mtu anaweza kuoa na kufanya biashara siku moja.

Jumanne, 5 Agosti

Onyesho! Nimepigilia msumari kwenye tairi la Probox yangu mwenyewe, mbele ya duka, watu wakitazama. Nikauchomoa. Hewa ikalia. Nikakamua dawa. Kimya! Nikazunguka soko nikipiga honi. Makofi. Watu wawili wamenunua, ingawa mmoja wao hana gari.

Kyule alikuwa amesimama pembeni na mwavuli. Kyule ni ndugu yangu mkubwa na ndiye msemaji wetu Jumamosi. Mwezi wa nane, hakuna hata wingu, na ana mwavuli. Hubeba miwani miwili, leso mbili, na simu ya pili ikiwa ya kwanza itakufa. Akasema msumari ni msumari, lakini barabara ya huko ina mawe. Nikamwambia ana wivu. Akasema hana. Mtu mwenye wivu husema hivyo hivyo.

Nimetoa spea, lile tairi la akiba, kwenye gari. Nimeisimamisha mlangoni mwa duka, nikaweka chupa juu yake na kadibodi: KWA NINI UBEBE HII? Inapendeza sana.

Jumatano, 6 Agosti

Shimo la spea chini ya buti ni kubwa kuliko nilivyodhani. Imeingia katoni, likaingia blanketi la mamake Mumbua, ikaingia na sukari. Mbuzi watasimama juu. Kila kitu mahali pake. Sijui kwa nini watu hutembea na tairi zima lililolala kama mgonjwa, miaka na miaka, likingoja siku mbaya.

Mumbua amepiga simu. Yeye ni mwalimu, shule zimefungwa, yuko kwao. Hakuuliza suti, wala hakuuliza mbuzi. Aliuliza kitu kimoja tu: spea ipo? Nikasema ipo. Na ipo. Iko dukani. Akasema haya, tutaonana.

Sikusema uongo. Lakini jioni nzima nimehesabu misumari ileile mara tatu.

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Marehemu mke wangu Kanini alipougua tulikuwa na kila kitu cha akiba. Kadi ya hospitali, nguo kwenye mfuko, gari la jirani tayari, mtu wa kutoa damu. Tulijipanga mpaka tukachoka. Na bado alienda. Tangu siku hiyo nikiona kitu cha akiba, naona kama tunakaribisha ubaya na kuuwekea kiti. Nataka kwenda kwa Mumbua kama mtu asiyetarajia kitu kuharibika. Sidhani huo ni ujinga. Nadhani ni heshima.

Jumapili, 10 Agosti, Tseikuru

Jana! Nianze wapi?

Kitui tulipita vizuri. Mwingi tukanywa chai. Kyule mbele na mwavuli wake, mbuzi nyuma wakimpumulia shingoni. Mbali baada ya Kyuso, kwenye barabara ya vumbi, nilikuwa namweleza faida za dawa tuliposikia mlio. Si mwiba. Jiwe kali lilikuwa limechana tairi ubavuni, mpasuko wa kuingiza vidole.

Niliruka nje nikifurahi. Ndiyo, nikifurahi! Nikakamua chupa ya kwanza. Povu likatokea ubavuni kama maziwa yanayofurika kwenye sufuria. Ya pili, vivyo hivyo. Nilimaliza katoni. Suruali ya suti ikawa nyeupe, viatu vikanata, mbuzi mmoja akalamba na kujuta. Kyule akaokota chupa tupu, akavaa miwani ya kusomea, akanisomea: ni ya matundu madogo sehemu inayokanyaga chini, haifai tairi likichanika ubavuni. Herufi ndogo sana. Mtu mwaminifu angeandika kubwa.

Baada ya hapo hakunisema tena. Hicho ndicho kilichoniuma. Alifungua mwavuli, akakaa kivulini mwake, akanikaribisha nami nikae.

Saa zikaenda. Mtandao hakuna, hata kwenye simu ya pili ya Kyule. Likapita lori moja, matairi yake hayawezi kutufaa. Nikapanga tutembee na mbuzi. Kyule akasema magoti yake hayakushirikishwa kwenye mpango huo. Jua likaanza kuinama na nikaogopa, nikaogopa kweli. Niliwaza wazee wakisimama, wakikung'uta suruali, wakiaga. Niliwaza Mumbua akiwa ndani, akiwasikia.

Halafu pikipiki, kutoka upande wa Tseikuru. Nyuma ya dereva amekaa mwanamke wa gauni la kanisani, amekumbatia tairi. Mumbua! Siku ya ntheo binti hukaa nyumbani mpaka aitwe. Kyule alisimama, akavua kofia, akasema hajawahi kuona mwenye ntheo akija kuichukua barabarani.

Tairi alikuwa ameliazima kwa Othman, mwenye duka la nguo hapa Tseikuru, ambaye ana Probox kama yangu. Aliliazima tangu Alhamisi. Tangu Alhamisi! Nikamwuliza alijuaje. Akasema ile "ipo" yangu ilikuwa nyepesi sana, na alipoona tumechelewa akapanda pikipiki. Jeki, angalau, nilikuwa nayo. Nikataka kufungua nati. Akaniambia nishike mbuzi.

Akiwa amepiga magoti kwenye vumbi aliniuliza, bila hasira: akihamia kwangu, neno lake litakuwa linakaa wapi? Nikasema moyoni. Akasema huko ni mbali, yeye angependa liwe linakaa kwenye buti. Akasema pia amekuja kunitafuta barabarani mara moja, na hatakuja tena.

Nikamwambia habari za Kanini, zote. Alisikiliza mpaka nati ya mwisho. Akasema pole. Kisha akasema Kanini hakufa kwa sababu mlijiandaa. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Tulifika wazee wakiwa wameshasimama. Mzee Kitonga akatazama mikono yangu, myeupe kwa gundi. Akatazama ya binti yake, myeusi kwa grisi. Akaniuliza: kijana, nani amemleta mwenzake? Nina miaka arobaini na sita. Kyule, msemaji wetu, alifungua mwavuli. Wazee wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini tena, na kwa kuwa yeye amekaa, wote wakakaa. Mbuzi akachinjwa. Ntheo imepokewa!

Lakini kuna faini. Wazee wamesema hawa watatu wameletwa na Mumbua, kwa hiyo Desemba nilete wa nne, mimi mwenyewe, bila kutafutwa na mtu. Asipofika huyo, Mumbua hahami. Yeye mwenyewe ameitikia kwa kichwa.

Sukari ilikuwa imelowa. Mamake Mumbua alianza kuuliza imelowa na nini, kisha akawatazama mbuzi, akaacha.

Jumanne, 12 Agosti, Matiliku

Nyumbani. Nimeirudisha spea kwenye buti, nikaipiga picha, nikamtumia Mumbua. Amejibu asante, na moyo mwekundu. Nimeutazama moyo huo asubuhi nzima, wateja wakingoja misumari. Nampenda mwanamke huyu. Nimebadilika, naandika hapa ili ijulikane.

Mchana mteja mmoja kutoka Kanyangi alinieleza kuhusu pampu ndogo za umeme. Unachomeka kwenye gari, inajaza tairi yenyewe huku wewe unakula karanga. Nimeagiza katoni mbili! Zitafika kabla ya Desemba, na Tseikuru hakuna anayeziuza.

Shida ni nafasi. Shimo la buti sasa lina spea, na spea haitoki. Nimeahidi. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama mtu aliyefundwa, na nimepata njia bila kuvunja neno la mtu. Nimetoa jeki na spana. Mumbua aliuliza spea tu.