Wakili Aliyetafuna Kahawa Yangu Kisha Akanidai

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za kazi.

Mimi ni Avit wa Kanazi, mkulima. Nalalamika juu ya Wakili Kamala wa Bukoba mjini. Alinisimamia mahakamani nikaachana na mke wangu Jovita, ambaye sasa yuko kwao Muleba. Leo wakili huyo amenifungulia kesi akidai ada yake, na anatishia kukamata mavuno ya kibanja, shamba la migomba aliloniachia baba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alipofika kwangu nilimkaribisha kwa amwani, kahawa yetu ya kutafuna. Nilipasua tunda moja. Buni moja nikatafuna mimi, ya pili akatafuna yeye, tena akisifu. Kila Mhaya anajua kwamba wazee walifunga undugu kwa buni mbili za tunda moja. Walitia na damu, nakubali, lakini wakili alikuwa amevaa shati jeupe.

2. Kwa hiyo ni ndugu yangu. Ndugu akikusaidia kumwacha mke humlipi. Unamlaumu.

3. Katika madai yake ameandika "kutafakari shauri". Mhariri, shauri hilo mimi nimelitafakari tangu siku ya harusi, na hakuna aliyenilipa hata ndizi ya kuchoma.

4. Ushindi wenyewe ni aibu. Jovita alipewa ng'ombe, kitanda na redio. Mimi nilipewa nakala ya hukumu. Wakili akanishika mkono: "Hongera, mzee, tumeshinda!" Jovita aliposikia akawaambia wenzake sokoni, "Avit akishinda hivi tena, atalala nje."

5. Ndugu wa kweli angetupatanisha kwanza. Huyu hakutupatanisha. Basi aliyevunja ndoa yangu ni yeye, na anayepaswa kulipwa ni mimi, kisha anitafutie mke mwingine kwa gharama zake.

Naomba uichape barua hii ukurasa wa mbele, ili Kamala asije akaukana undugu wetu.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na mama anayewapikia chai.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Avit, Kanazi.

N.B. Wakili Kamala ameingia sasa hivi, nikamsomea barua. Amenikumbatia, ameniita kaka, ameahidi kufuta kesi. Halafu akauliza: kwa kuwa sisi ni ndugu, sehemu yake ya kibanja inaanzia mgomba upi? Mhariri, nimeandika kwa kalamu, siwezi kufuta. Ruka yote ya juu, chapa hii tu: Avit wa Kanazi hana undugu na wakili yeyote, na mwenye ada yake aje aichukue leo.