Nilivyoichafua Posa ya Salim kwa Siasa za Kanada

Jamani, leo nimechafua posa ya watu. Naandika nikiwa bado na kanzu, nimekaa jikoni kwangu Stechford, hapa Birmingham, na mke wangu yuko chumbani anajidai anakunja nguo (anacheka, namsikia).

Nianze mwanzo. Salim, mtoto wa marehemu dada yangu, kapata mchumba mtaa wa Harborne, anaitwa Zuhura. Akaniomba niwe mshenga wake, niende kwa wazee wa binti nikamsemee, maana kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Nilifurahi mno. Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa mshenga wa mtaa wetu kule Ng'ambo, Unguja, na hakurudi hata siku moja na jibu baya. Asubuhi nimejitazama kwenye kioo, nikamwona yeye. Nusura nilie.

Tatizo langu humu kundini mnalijua. Niliishi Ottawa miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham, na moyo ulibaki kule. Siku za uchaguzi tulikuwa tunajazana chumba cha chini nyumbani kwa rafiki, theluji imeziba madirisha, sufuria la urojo katikati, tunapiga kelele mpaka matokeo ya mkoa wa mwisho. Nazikumbuka siku zile mpaka zinaniuma. Wenzangu wengine wamehama, wengine hawapo tena duniani. Mie nimebaki na chama changu cha buluu, cha wahafidhina, na kuwatumia nyinyi sauti ndefu za kulalamika jinsi televisheni ya kule inavyowapendelea wekundu, wapinzani wetu. (Najua hamzisikilizi. Naona alama kwenye simu, hazibadiliki rangi.)

Ndani ya gari Salim akaniambia, "Mjomba, please, leo usiongelee Canada. Promise me." Nikaapa.

Tulipokelewa vizuri sana. Wanaume tukakaa ukumbini, wanawake chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo ili wasikie kila kitu. Ikaja kahawa, ikaja halua. Nikamsifu Salim mpaka mwenyewe akainama kwa haya. Baba wa binti, Bwana Hamadi, akasema yeye hana neno, ila kauli ya mwisho ni ya dada yake, Bi Rukia, aliyemlea Zuhura utotoni alipofiwa na mama. Bi Rukia yumo chumba cha pili, akasema, kasafiri kutoka Kanada kwa ajili ya shughuli hii.

Kanada! Nikasema tu kwamba na mie nimekaa huko. Bwana Hamadi, kwa adabu ya mwenyeji, akauliza siasa za huko siku hizi vipi. Alitaka nimjibu "zinaendelea" tukale pilau. Mie nikaweka kikombe chini.

Nilianza na bunge, nikaja kwenye bajeti, nikatua kwenye televisheni. Salim alinikanyaga mguu. Nikausogeza. Nikasema kiongozi wa wekundu kila siku wanamwonyesha akicheka na watoto, lakini wa kwetu, siku alipokwenda kwenye karamu ya wakulima, picha iliyotoka ni moja tu, mdomo wazi, chakula kinaonekana. "Aliyeichagua ile picha," nikasema, "ama kahongwa, ama haoni."

Chumba cha pili mtu akaweka kijiko chini. Halafu ikatoka sauti ya mama mtu mzima, ya upole kabisa: "Kaka, muulize mgeni wetu, ni karamu ipi hiyo?"

Nikadhani nimepata msikilizaji (hatimaye!). Nikageukia mlango, nikapaza sauti, nikaieleza karamu yote.

"Ile picha niliichagua mimi," sauti ikasema. "Ndiyo kazi yangu pale televisheni. Mtu alitafuna tangu alipoingia mpaka alipotoka. Sikuwa na nyingine."

Salim akajifunika uso. Bwana Hamadi akatazama zulia. Mie nilitamani halua inimeze.

Bi Rukia akatoka, kajitanda leso, akanitazama sana. Akauliza mie mtoto wa nani. Nikamtaja baba.

"Mzee mwenye redio!" akasema. "Tulikuwa tukipita barazani kwake tukitoka chuoni kusoma Kurani. Akitunyamazisha wote, taarifa ya habari iishe kwanza, hata kama ni ya watu asiowapenda. Ndipo anaanza kubisha."

Nilikuwa nimesahau. Jamani, miaka yote hii nimesahau. Nikamwona baba na kidole chake mdomoni, machozi yakanitoka mbele ya wakwe. Na Bi Rukia naye akajifuta macho kwa pembe ya leso.

Akamgeukia ndugu yake. "Kijana tumemkubali. Siku ya kuzungumza mahari waje na mshenga mwingine. Huyu aje sasa hivi akae hapa karibu nami, nimwonyeshe mkanda mzima wa ile karamu."

Akatoa simu pale pale. Nimeutazama wote, kimya, mpaka mwisho. Ni kweli, alitafuna mwanzo mpaka mwisho.

Basi Salim kapata mke, mie nimevuliwa ushenga, na kura yangu bado ni ya buluu. Wekundu wote mliomo humu, nawaomba leo mninyamazie.