Tume ya Kudumu ya Joto la Nyumbani

Mwezi wa Juni, watu wote wa Alma, mji wa Kanada wenye baridi kali ya theluji, wakitafuta kivuli, Lucien Desgagné aliinuka kutoka kwenye kifungua kinywa na kutangaza kuwa nyumba yake sasa ina Tume ya Kudumu ya Joto. Mwenyekiti alikuwa yeye. Mkewe Ghislaine, aliyekuwa bado anageuza mayai, alipewa ukatibu bila kuulizwa.

Sababu ilikuwa nzito. Mama mkwe wake, Bi Aurore, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa anahamia kwao kabla ya theluji. Daktari alitaka chumba chake kisishuke chini ya digrii ishirini na moja. Kikishuka, apelekwe kwenye nyumba ya wazee, na Bi Aurore aliiogopa nyumba ile kuliko kifo. Vipasha joto vilivyokuwepo, yale mabati marefu ya umeme chini ya madirisha, vilikuwa vya mwaka waliooana, na vilikula umeme bila huruma.

Lucien alikuwa ametumikia ofisi ya mkoa ya kubana matumizi ya nishati miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo alijua pa kuanzia. Aliunda kamati ndogo ya matofali yanayotunza joto, nyingine ya maji moto chini ya sakafu, na ya tatu ya pampu ya joto. Zote aliziongoza mwenyewe. Mbili zilipopishana, alilazimika kujiandikia barua ya onyo, naye akaipokea kwa utulivu.

Agosti ikafika.

"Mwenyekiti," alisema Ghislaine, "theluji haingojei akidi."

"Mchakato, Ghislaine. Mchakato."

"Haya, basi nisainie hii. Ya kiyoyozi. Nakufa na joto humu."

Akasaini bila kusoma. Ubaridi haukuwa ndani ya hadidu za rejea za Tume.

Oktoba Bi Aurore aliingia na masanduku yake. Ukutani kwenye korido palikuwa pamefungwa chombo cheupe kinachonguruma polepole, kile kiyoyozi cha Agosti. Lucien alitoa Waraka Namba Nne: vipasha joto vyote vizimwe, kila mtu avae soksi jozi mbili. Nyumba ikabaki na joto zuri. Alipima asubuhi na jioni kwa fahari.

Januari, nje ikiwa digrii kumi na tano chini ya sifuri, aliwasomea ripoti ya mwisho. Mfumo wenye nafuu kuliko yote, Tume ilibaini, ni soksi.

Bi Aurore, aliyekuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, alimsikiliza hadi mwisho.

"Hongera, mkwe wangu. Basi zima hicho kiyoyozi. Cha nini Januari?"

Lucien alikizima mwenyewe, kwa madaha. Wanawake wakahamia jikoni, ambako pai ya nyama ilikuwa kwenye oveni, wakafunga mlango. Yeye alikaa koridoni na kipimajoto. Saa ya kwanza aliongeza soksi. Ya pili akavaa koti. Ya tatu akabisha hodi jikoni.

"Digrii kumi na tatu," alisema. "Ghislaine, kile ni kitu gani?"

"Pampu ya joto. Kiangazi inapoza, majira ya baridi inapasha. Yote yaliandikwa kwenye ile karatasi uliyosaini."

"Na ndiyo yenye nafuu?"

"Kamati yako ya tatu ilisema hivyo tangu Juni. Wewe ukaipeleka ripoti yake kwenye faili."

Lucien aliketi. Alicheka kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka. Miaka thelathini na mmoja, na mtaalamu wa joto alikuwa ameletewa joto nyumbani kwake akalipita kila siku akienda chooni.

"Naomba kuiwasha," alisema. "Chumba cha mama kitapoa."

Bi Aurore alikata kipande cha pai, akakisogeza upande wake mwenyewe.

"Ombi limepokelewa," alisema. "Nakala tatu, mkwe."

Aliziandika zote akiwa amevaa glavu, na safari hii alisoma kila mstari kabla ya kusaini.