Mkeka wa Miiba na Vishimo Sabini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Leo wifi kanipima paja mbele ya mteja. Inchi ishirini na sita, kasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Mteja alikuwa mwalimu mmoja aliyefuata sketi yake. Akainamisha macho kwa adabu. Adabu ile imeniuma kuliko inchi zenyewe.

Wifi ni dada yake mume wangu. Tunashona chumba kimoja, cherehani mbili zinazotazamana, mwaka wa kumi na moja huu. Daktari kamwambia aogelee kwa ajili ya magoti. Hataki kwenda peke yake, kwa hiyo kaniandikisha na mimi bila kuniuliza. Darasa la wanawake wasiojua kuogelea, Jumamosi asubuhi, kuanzia tarehe kumi na tano. Sasa anakata mavazi yetu mawili kutoka kitambaa kimoja cha zambarau.

Shabaha yake naijua. Ana miaka hamsini na mbili, na ndani ya gauni lolote anaonekana amenyooka kama rula. Mimi nina arobaini na saba, na mapaja yenye vishimo kama godoro lililoshonewa vifungo. Hakuna aliyeyaona tangu niolewe, isipokuwa mume wangu, naye haoni vizuri bila miwani. Wifi anataka nisimame kando yake ili yeye apendeze.

Nina siku kumi na mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Mkeka wa miiba. Nimeona kwenye simu dada mmoja anaulalia dakika ishirini huku anatabasamu. Anasema damu inakimbilia kwenye ngozi na vishimo vinajaa vyenyewe.

Nimemwambia wifi naenda kununua zipu. Nikaenda duka la vifaa vya mazoezi. Nimerudi na mkeka ndani ya mfuko mkubwa na bila zipu hata moja. Aliponiuliza, nikasema zipu zimekwisha mjini. Hakubishana. Alivuta droo yetu tu, akaniacha nitazame. Ilikuwa imejaa zipu.

Jioni nimejaribu. Miiba ni ya plastiki, midogo, maelfu, imepangwa kwa vikundi kama maua. Nimeukalia kwa sekunde nne. Kusema kweli zilikuwa tatu.

Jumatano, 5 Machi

Fundi hafanyi kazi bila vipimo. Nimejifungia bafuni na kioo na chaki ya kushonea, nikazungushia kila kishimo duara. Mguu wa kulia arobaini na moja. Wa kushoto thelathini na nane. Jumla sabini na tisa.

Kisha mkeka, dakika sita, meno nimeyauma. Maendeleo makubwa.

Nilisahau kuosha chaki. Mume wangu kaona miduara kwenye shuka, akauliza ni nini. Nikasema ni mtindo mpya. Akasema miduara imepangwa vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na mgongo wake umechoka kwa kuinamia mashine za watu. Kaukuta mkeka nyuma ya kabati, akadhani nimemnunulia kwa siri. Akanishukuru kwa mikono miwili. Ningemwambiaje?

Kaulalia. Dakika tatu za kuguna, kisha kimya, kisha mkoromo. Kaamka kanyooka, anapiga mluzi. Sasa mkeka ni wake. Mimi nausubiri kama mtu wa mwisho kwenye foleni ya maji.

Nimemwambia kwamba mfamasia wa mtaani kwetu anakataza wanaume kuutumia. Kasema atamuuliza kwa nini. Sikutegemea hilo.

Jumatatu, 10 Machi

Mfamasia kaniita nikipita. Mwanamke wa rika langu, mtaratibu. Kataka kujua ni mkeka gani huo ambao yeye kaukataza. Nikajikaza kisabuni, lakini mwisho nikamwaga yote, pamoja na hesabu.

Hakucheka. Kasema mkeka unaweza kumlegeza mtu na kumpumzisha, na hilo si dogo. Kuhusu vishimo, ngozi ikichomwachomwa huvimba kidogo, basi vikafifia kwa muda, halafu vikarudi palepale. Kasema si ugonjwa. Wanawake wengi wanavyo, wanene kwa wembamba, na yeye mwenyewe anavyo.

Nikamuuliza, kufifia huko ni kwa muda gani? Hakujua. Nusu saa? Huenda. Saa nzima? Akanyamaza.

Kimya chake nimekichukua kama ndiyo. Darasa ni dakika arobaini na tano.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi ya mwisho, mume akiwa kazini. Nimehesabu kwanza. Kulia thelathini na tisa, kushoto arobaini. Bado sabini na tisa. Viwili vimehama mguu, sijui kwa njia gani. Sikuifuatilia.

Kisha dakika ishirini kamili. Nilipoinuka sikuona kishimo hata kimoja. Mapaja yote yalikuwa yamevimba na kujaa vidoti, kikundi baada ya kikundi. Ushindi.

Wifi leo hakusema kitu tangu asubuhi. Kashona mkono wa blauzi nje ndani, akafumua, akaushona tena vilevile. Ananionea wivu mapema.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewahi bwawani kabla ya wenzangu. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo, nikafunga komeo, nikatandaza mkeka sakafuni. Dakika ishirini na tano, tano za ziada kwa usalama. Nikavaa zambarau, nikatoka kifua mbele.

Wanawake tisa walikuwa wamepanga mstari. Wifi alisimama mwisho, kajifunga taulo kiunoni. Nilitembea polepole ili niangaliwe. Nikaangaliwa.

Mwalimu wa kuogelea, binti mrefu mwenye filimbi, aliniinulia mkono.

"Mama, samahani. Hivyo ni vipele?"

Nikasema si vipele. Akauliza ni nini basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo.

"Ni mkeka wa miiba," wifi akasema toka mwisho wa mstari. "Kaka yangu anausifu kwenye simu wiki nzima. Huyu mzima kabisa, mwalimu."

Mwalimu akaniomba radhi vizuri sana. Lakini kasema kanuni ya bwawa haichagui: mwenye alama ngozini haingii hadi ziishe, au alete cheti cha daktari. Nikaenda kukaa kwenye benchi. Vishimo vilikuwa vimefifia kweli, na hakuna aliyejali.

Nikamsubiri wifi ashuke majini anipite na ile miguu yake. Badala yake akaja kukaa nami.

"Kama haingii, na mimi siingii," akamwambia mwalimu.

Akafungua taulo ajifunike mabega. Hapo ndipo nilipoyaona mapaja yake. Vishimo toka nyonga hadi goti. Nilihesabu hadi hamsini na mbili kwenye mguu mmoja tu, moyo wangu ukiimba, kabla hajanishika mkono.

"Wifi, mimi naogopa maji," akasema. "Tangu nikiwa mdogo. Nilikuandikisha ili nikishindwa, nishindwe mbele ya mtu wangu."

Nikaacha kuhesabu.

Nilimuuliza kwa nini basi alitangaza inchi zangu mbele ya mteja. Kashangaa. Kasema vipimo vyote huvisema kwa sauti, asipovisema anavisahau. Paja lake yeye ni ishirini na saba.

Tumekaa pale hadi mwisho, tukiwatazama wenzetu wakipiga miguu ukutani. Nimeona aibu ya kweli. Miaka kumi na moja namtazama usoni toka ng'ambo ya cherehani, na wiki nzima ile sikuona kwamba ana hofu. Nilikuwa nafikiria toka magotini hadi kiunoni tu.

Jumanne, 18 Machi

Alama zinafifia. Vishimo vimerudi vyote, sikuvihesabu. Mume wangu nimemwachia mkeka rasmi. Kanishukuru tena.

Jumamosi, 22 Machi

Mwalimu kavaa miwani, kanikagua mapaja mbele ya darasa, kasema nipo safi. Sikujua nielekeze wapi uso.

Kwenye ngazi wifi aligoma. Kasema magoti yake hayaumi kiasi hicho. Nikateremka mimi kwanza, maji yakanifika kifuani, nikamnyooshea mikono miwili. Nilimwambia nimemshika. Kasema mimi mwenyewe sijui kuogelea. Nikasema ndiyo, lakini nimesimama. Hilo likamtosha. Akashuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Ngazi tano zimechukua robo saa, na hakuna aliyemharakisha.

Alinibana vidole hadi pete ikaniumiza. Mwishoni akatia uso majini, akatoa, akatia tena. Mara ya tatu aliachia mkono wangu mmoja. Nilicheka nikameza maji. Naye akacheka, kilemba cha plastiki kimemshuka hadi machoni.

Hakuna aliyetazama paja la mtu. Kila mmoja alikuwa anashughulika na uhai wake.

Tumerudi kwa miguu, nywele mbichi, tukila karanga. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo.

Jumapili, 23 Machi

Tangu chai ya asubuhi nawaza, na nimepata picha kamili. Ndani ya maji mapaja hayaonekani kabisa. Nimehangaika bure kwa sababu nilihangaikia sehemu isiyo sahihi. Kinachobaki juu ya maji ni shingo.

Shingo ya wifi ni ndefu na laini. Yangu ina mikunjo mitatu, kama kola iliyopigwa pasi na mtu mwenye haraka. Jana mwalimu kasema wifi ana mkao mzuri wa kichwa. Mimi hakuniambia kitu.

Kuna mkanda wa kujifunga toka kidevuni hadi utosini. Unavuta kila kitu juu. Nimeshaagiza, unafika leo alasiri.

Mume wangu, akiwa chali juu ya mkeka, kaniuliza kama yale ya mapaja hayakunifundisha kitu. Nimemjibu kwa upole kwamba yale yalikuwa mapaja.

Maelezo yanasema matokeo huonekana baada ya siku saba. Darasa lipo baada ya sita. Nitaukaza zaidi.